Waliozomea nje ya shule waliishi vipi baadaye?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Historia, kidato cha tano, Morogoro. Tulipofika mada ya watu wenye asili ya Afrika huko Amerika, niliwaonyesha wanafunzi ile picha ya 1957 ya Little Rock, mji wa jimbo la Arkansas, Marekani: msichana Mweusi amekumbatia madaftari yake, nyuma yake kundi la Wazungu linamzomea. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao wakishamaliza kuzomea, waliishi vipi na huyo dada? Si wanakaa mji mmoja?" Nikakosa la kumjibu. Naomba unisaidie. Zile fujo zilibadilisha nini hasa kwa wakazi wa mji? Na mbona kwetu shule za Wazungu na za Wahindi zilifunguliwa kwa wote bila mtu kulipua bomu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Binti huyo ameuliza jambo ambalo vitabu vingi hulikwepa. Vitabu vinapenda ile siku ya kamera: umati, askari, mtoto na mkoba wake. Jumatatu inayofuata haimo. Yeye anaulizia Jumatatu inayofuata.

Habari za Little Rock utazipata popote, kwa hiyo niruhusu nikupeleke kwingine, kwenye mji mdogo uliopitia haya mwaka mzima kabla ya Little Rock. Unaitwa Clinton, jimbo la Tennessee. Ndiyo makao ya serikali ya wilaya ya Anderson, kama kilomita 30 kutoka Knoxville, na miaka ile ulikuwa na watu 4,000 hivi. Nauchagua kwa udogo wake. Kwenye mji wa watu 4,000 huwezi kutamka neno "umati" ukaridhika. Umati pale ni muuza duka unayemkopa sukari, ni fundi aliyekutengenezea gari, ni baba wa mtoto anayekaa dawati la mbele yako.

Watu Weusi wa Clinton wengi walikaa kwenye kilima kiitwacho Foley Hill. Huko walikuwa na shule yao ya msingi, Green McAdoo, iliyojengwa 1935. Mtoto akiimaliza, sekondari ya mji ilikuwa chini hapo, mwendo wa miguu, ila haikuwa yake. Yeye alipanda basi mpaka Knoxville, kwenye sekondari ya Weusi, kwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Mwishoni mwa 1950 wazazi wakafungua kesi, ile iliyobeba jina la McSwain. Mwaka 1952 Jaji Robert L. Taylor wa Knoxville akaitupa. Halafu ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 17 Mei 1954, kesi ya Brown, kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kesi ya Clinton ikarudi mezani kwa jaji yuleyule, na Januari 1956 akaamuru kwamba mwaka mpya wa masomo ukianza, sekondari ipokee wote.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka. Viongozi wa Clinton hawakuwa watetezi wa usawa. Walikuwa wamepambana mahakamani miaka kadhaa ili watoto Weusi wasiingie, na wengi wao, ungewauliza chumbani, wangekwambia bado wanapendelea utengano. Walichosema hadharani ni kwamba kesi tumeshindwa, rufaa imekwisha, sheria ni sheria. Mwalimu mkuu, D. J. Brittain, aliandaa shule kwa msingi huohuo. Gazeti la mji, likiongozwa na Horace Wells, liliwaambia wasomaji watii. Ni ujasiri wa kiwango cha chini, ukipenda, lakini utaona kwamba miji mingine hata huo haikuwa nao.

Tarehe 27 Agosti 1956 vijana 12 Weusi wakateremka kilima kwenda Clinton High, shule yenye wanafunzi 800 na ushei. Siku ile ya kwanza karibu hakuna kilichotokea. Watu wachache walisimama na mabango. Ndani, darasa la msichana mmoja, Jo Ann Allen, lilipiga kura za viongozi, na wanafunzi Wazungu wakamchagua yeye makamu mwenyekiti. Likumbuke hilo tukifika mbele. Watoto walipoachwa peke yao kwa saa chache, walimchagua.

Wakati huo alikuwa ameshafika mtu aitwaye John Kasper. Miaka 26, mwenyeji wa New Jersey, mrefu, msemaji mzuri, ametokea Washington na chama chake cha kutetea utengano. Clinton hakuwa na ndugu wala mtoto wa kusomesha. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba hukumu ya mahakama si sheria, kwamba wakikusanyika wengi wa kutosha, jaji na mwalimu mkuu watanywea. Kwetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akaugua. (Baadaye, mapema 1957, magazeti ya New York yalifichua kwamba muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa na duka la vitabu Greenwich Village, akichanganyika na Watu Weusi na kucheza nao dansi. Wafuasi wake wengi walimkimbia kwa aibu ya hilo. Mabomu hayakuwaaibisha, dansi iliwaaibisha.)

Watu wa Clinton kwa miaka mingi walipenda kumtwika Kasper mzigo wote. Nilipoanza kufundisha habari hii nami nilifanya hivyohivyo, maana ni hadithi rahisi: mji mtulivu, mchochezi wa kuja, balaa. Siku hizi siisemi hivyo. Mgeni alileta kiberiti, kuni alizikuta. Ndani ya siku mbili tatu mamia ya watu walikuwa wakijaa uwanja wa mahakama ya wilaya jioni, na hao hawakutoka New Jersey. Jaji Taylor alimkataza Kasper kuingilia shule, akakaidi, akakamatwa, na tarehe 31 Agosti akahukumiwa mwaka mmoja kwa kudharau mahakama. Akapata dhamana. Usiku huohuo mhubiri mwingine wa ubaguzi, Asa Carter wa Alabama, akahutubia umati mkubwa, na ulipotoka hapo ukamwagikia barabara kuu. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, magari ya wasafiri yanapita katikati ya mji. Waliokuwa Weusi walizingirwa, magari yakatikiswa, vioo vikavunjwa. Hao wasafiri hawakujua hata kama Clinton ina shule.

Polisi wa mji walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Jumamosi, tarehe 1 Septemba, wanaume kadhaa wa mji walijitolea, wakaapishwa kuwa askari wa muda, wakajipanga mbele ya umati na mabomu ya machozi. Walikuwa karibu kuelemewa pale ving'ora vya polisi wa jimbo, askari kama 100, viliposikika. Kesho yake Gavana Frank Clement akaleta wanajeshi wa akiba wa jimbo, zaidi ya 600, pamoja na vifaru. Vifaru, mwalimu, kwenye mji ambao ukitembea dakika 15 umeumaliza.

Sasa linganisha. Wiki hiyohiyo, Texas, kuna mji mdogo uitwao Mansfield. Nao ulikuwa na amri ya mahakama, nao ulikuwa na watoto Weusi wa kupokelewa sekondari, watatu tu. Umati ukazingira shule, ukatundika sanamu ya mtu Mweusi aliyenyongwa juu ya mlango. Gavana Allan Shivers akatuma askari wa jimbo pia, lakini wa kwake walikwenda kutuliza mji kwa njia ya kuwazuia watoto. Wale watatu wakaambiwa wakasome Fort Worth. Mansfield haikufungua shule zake mpaka 1965. Mwaka uliofuata Gavana Faubus wa Arkansas akafuata njia ya Texas: akatumia wanajeshi wa akiba kuwafungia mlango watoto tisa wa Little Rock, mpaka Rais Eisenhower akalazimika kutuma jeshi la taifa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na amri ya mahakama ilikuwa fimbo ya mbali. Ilimhitaji mtu wa karibu aishike. Clement aliwahi kusema na kutenda mengi ya kumpendeza mpiga kura Mzungu, lakini siku ile aliishika. Kwa hiyo fujo zikifaulu mahali fulani, usianze kuwahesabu walioandamana. Waangalie waliokuwa na mamlaka na uone walisimama upande gani saa 24 za kwanza.

Picha za vifaru zilienea dunia nzima, wanajeshi wakaondoka Septemba hiyohiyo, na waandishi wengi wakaondoka nao. Hapo ndipo mwaka wa masomo ulipoanza kwa kweli.

Kilichofuata hakina picha nzuri. Ni kusukumwa kwenye ngazi. Ni kukanyagwa visigino na anayekufuata kwa makusudi kwenye korido, kutemewa mate, kurushiwa mayai, kuitwa majina. Kulikuwa na vijana waliovaa beji za umoja wao wa wabaguzi, na watu wazima nje ya geti waliowapa moyo. Nyumbani hakukuwa na nafuu. Baruti zililipuliwa karibu na makazi ya Weusi, misalaba ikachomwa, na wanaume wa Foley Hill wakawa wanakesha zamu na bunduki vibarazani. Fikiria mtoto wa miaka 15 anayelala baba yake akiwa nje na bunduki, kisha asubuhi aende kufanya jaribio la aljebra.

Novemba, Kasper akashitakiwa katika mahakama ya wilaya kwa uchochezi na kusababisha fujo. Jopo la raia wa Anderson likamwachia. Sijui kama kuna siku iliyowaumiza watoto wale kuliko hiyo, maana majirani waliulizwa kwa kiapo kama lililotokea ni kosa, wakajibu hapana. Bughudha shuleni zikazidi. Mwishoni mwa mwezi wazazi wa Foley Hill wakawazuia watoto wao nyumbani.

Anaingia mchungaji Paul Turner wa kanisa kubwa la Wabaptisti wa Kizungu la mji. Asubuhi ya tarehe 4 Desemba 1956, yeye na wanaume wengine wawili Wazungu walipanda kilima, wakateremka na wanafunzi sita waliokubali kurudi, wakawafikisha mlangoni. Alipokuwa anarudi peke yake, genge la watu likamvamia likampiga hadi damu ikamtapakaa usoni. Mchana kweupe, katikati ya mji, mchungaji anayejulikana na kila mtu.

Na siku hiyo ilikuwa siku ya uchaguzi wa mji. Chama cha wabaguzi wa mji kilikuwa kimesimamisha wagombea wake. Habari za kupigwa kwa Turner zikaenea huku kura zikiendelea, na wagombea wale wakaangushwa vibaya mno. Mwalimu mkuu Brittain akaifunga shule siku hiyohiyo. Serikali ya Washington, iliyokuwa imekaa kando muda wote huo, ikasema sasa kuingilia shule ile ni kupambana nayo. Watu 16 wakashitakiwa kwa kukaidi amri ya Jaji Taylor. Shule ikafunguliwa tena tarehe 10 Desemba, na Julai 1957 jopo la Wazungu watupu, safari hii Knoxville, likamtia hatiani Kasper pamoja na wenzake sita. Kwa Kusini ya enzi zile, Wazungu kumhukumu Mzungu kwa kosa la namna hiyo lilikuwa jambo la kushangaza.

Ukiishia hapo utaandika ubaoni: fujo zilishindwa. Shule ilibaki wazi, wachochezi walifungwa, wapiga kura waliwakataa. Vitabu vingi huishia hapo. Ila binti yako aliulizia watu. Basi tuwahesabu watu.

Kati ya wale 12, waliopata cheti cha Clinton High ni wawili. Bobby Cain alimaliza Mei 1957, mvulana Mweusi wa kwanza kumaliza sekondari ya serikali iliyounganishwa kwa amri ya mahakama katika Tennessee. Mwenyewe amesimulia kwamba baada ya sherehe, alipokwenda kurudisha joho, taa zilizimwa akapigwa ngumi gizani. Akaenda chuo Nashville, akafanya kazi ya ustawi wa jamii serikalini, na kwa miaka mingi hakupenda hata kuutaja mji ule. Gail Ann Epps alimaliza 1958. Kumi waliobaki walitawanyika: wengine walihama na familia zao, wengine walimalizia kwingine, mmoja alifukuzwa shule. Jo Ann Allen, yule makamu mwenyekiti, alisoma Clinton miezi isiyofika minne. Desemba 1956 wazazi wake walipakia vitu vyao wakahamia Los Angeles, naye akaja kuwa muuguzi wa watoto. (Wanafunzi wako huenda wanamjua mjukuu wake bila kujua: Cameron Boyce, yule kijana wa filamu za Disney aliyefariki 2019.)

Na wale waliosimama upande wa sheria? Mwalimu mkuu Brittain, baada ya mwaka mzima wa kupigiwa simu za vitisho usiku, aliondoka Clinton 1957 na hakurudi kuongoza shule ile. Mchungaji Turner naye alihama baada ya miaka michache. Desemba 1980 alijiua. Najihadhari kusema kwamba ngumi za 1956 ndizo zilizomuua. Maisha ya mtu yana mengi katika miaka 24. Ila waliomfahamu waliiona ile asubuhi kama mzigo alioubeba siku zote.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili. Fujo za Clinton zilishindwa kuifunga shule, zikafaulu kuwatoa watu. Mlango ulibaki wazi, na kumi kati ya 12 waliousukuma hawakumalizia pale. Wazomeaji walibaki. Hawakulazimika kuishi na yule dada, kwa sababu yule dada ndiye aliyehama. Walikuwa na kazi zao, viwanja vyao, mabenchi yao kanisani. Hili halimo kwenye hukumu yoyote ya Jaji Taylor, na halingeweza kuwemo: mahakama inaweza kuamuru mtoto apokelewe, haiwezi kuamuru baba yake aweze kulala usingizi.

Kuna tukio moja zaidi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Oktoba 1958, miaka miwili baada ya vifaru, wakati kila mtu anaamini mambo yametulia, milipuko mitatu ya baruti ilibomoa sehemu kubwa ya jengo la Clinton High. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili hakuumia mtu. Upelelezi ulifanyika, wa jimbo na wa taifa, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kosa hilo. Katika mji wa watu 4,000, baruti nyingi kiasi kile, na hakuna aliyejua chochote. Hapo unaona madhara ambayo huwezi kuyahesabu kwa madirisha yaliyovunjika. Watu walijifunza kutojua.

Wanafunzi walihamishiwa shule ya msingi iliyokuwa tupu huko Oak Ridge, mji jirani uliojengwa na serikali kwa ajili ya kazi za nyuklia, ambako sekondari ilikuwa imeshaunganishwa kimyakimya tangu 1955 kwa sababu mwenye mji alikuwa serikali ya taifa. Siku ya kwanza, bendi ya wanafunzi wa Oak Ridge iliwapokea kwa kupiga wimbo wa shule ya Clinton. Ni jambo zuri, na husimuliwa mara nyingi. Mimi hunivutia zaidi mabasi. Kwa miaka miwili, mpaka jengo jipya lilipofunguliwa 1960, mamia ya watoto Wazungu wa Clinton walipanda basi kila asubuhi kwenda kusoma mji mwingine, wakati shule yao ilitakiwa kuwa hapo chini ya kilima. Safari ileile ya Foley Hill kwenda Knoxville. Tofauti ni kwamba hawa walifukuzwa shuleni kwao na Wazungu wenzao.

Na baada ya gharama yote hiyo, unadhani shule za msingi za Clinton ziliunganishwa lini? Mwaka 1965. Amri ya 1956 ilihusu sekondari tu. Kwa miaka tisa watoto wadogo wa Foley Hill waliendelea kusoma Green McAdoo peke yao, huku kaka zao wakiwa wameshakuwa kwenye magazeti ya dunia. Clinton haikuwa peke yake kwa uzito huo. Miaka 10 baada ya hukumu ya Brown, katika majimbo 11 ya Kusini, mtoto Mweusi aliyekaa darasa moja na Wazungu alikuwa kama 1 kati ya 100. Mabomu na umati ni sehemu ndogo ya sababu. Sehemu kubwa ni mabaraza ya shule, fomu za uhamisho, majaji waliochelewesha, na wilaya kama Prince Edward ya Virginia iliyofunga shule zake zote za serikali 1959 hadi 1964 ili isizichanganye. Fujo ziliwapa watu hao kisingizio kizuri: "Sisi hatupingi, tunaogopa vurugu."

Sasa upande wa kwetu. Ni kweli, Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya shule, wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika, na sheria mpya ya elimu ilipoanza kutumika Januari 1962 mifumo hiyo ikaunganishwa bila risasi wala baruti. Tusijipongeze haraka lakini. Kule Clinton waliokuwa wanaingia walikuwa 12 kati ya 800, na wenye kura, mahakama, polisi na duka la kukopesha walikuwa upande wa pili. Kwetu waliokuwa wanaingia ndio waliokuwa wameshika serikali. Mzungu wa Dar es Salaam ambaye hakupenda mwanawe akae na Mwafrika hakuwa na gavana wa kumkimbilia. Alikuwa na tiketi ya meli. Zaidi ya hapo, shule zile za zamani zilikuwa na ada, na ada ni bawabu mpole. Haizomei mtu. Utawaeleza wanafunzi wako kwamba utulivu wa mlango hauonyeshi bado ni wangapi walioweza kuingia.

Nirudi kwa binti. Waliishi vipi? Waliishi kimya. Kwa karibu miaka 50 Clinton haikupenda kusimulia jambo hili. Wazungu hawakulisema kwa aibu au kwa kumlinda ndugu, na Weusi waliobaki hawakulisema kwa kuwa walikutana dukani kila wiki na watu ambao huenda ndio, huenda sio. Walizeeka hivyo, wakisalimiana. Mwaka 2006 ile shule ya msingi ya Green McAdoo, iliyokuwa imefungwa tangu 1965, ilifunguliwa kama makumbusho, na mbele yake leo zipo sanamu 12 za shaba za vijana wale, wakiwa na vitabu mikononi, wamekabili bonde. Baadhi ya wale 12 walirudi kutoka mbali kuja kujitazama.

Ukipata nafasi, wachoreshe wanafunzi ramani ya mji: kilima, sekondari chini, mahakama, kanisa la Turner. Ni dakika chache kwa miguu kutoka hapa hadi pale. Kisha mwambie binti huyo aoneshe kwenye ramani mahali ambapo mtu aliyezomea asubuhi angeweza kupita jioni asikutane na aliyemzomea.